Kiti cha Raia

Jumatatu mahakama imenipa majina matano niyapige chapa.
Wanne mawakili.
Wa tano mpima viazi.

Kamati ya maadili ya mawakili, muhula wa miaka mitatu,
mshahara hakuna, nauli ipo kwa kila maili,
na chakula cha mchana kisichozidi dola kumi na nne.
Nje, katapila la theluji linakwangua Mtaa wa Newbury
kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha jana.

Wale wanne nawajua kwa sahihi zao.
Hollis Varnum, herufi zake zimesimama kama uzio.
Anneke Burbank, ambaye hukatiza jina katikati
kwa haraka ya mtu anayelipwa kwa dakika.

Wa tano kaandika kwa penseli:
Géralda Daigle, Fort Kent,
kando ya mto ambao ng'ambo yake ni Kanada.
"Shahada sina.
Miaka thelathini na mmoja nimekagua mizani
za maghala ya viazi, za bucha,
na mita za wauza mafuta ya kupashia nyumba.
Mwizi sikumwona akikimbia hata mara moja.
Nilimwona kasimama palepale, anatabasamu,
anamuuliza mjane hali ya watoto,
na kidole gumba kimelala kwenye sahani
kama paka kwenye kiti kisicho chake.
Katika kazi yangu jina lake ni kupunja.
Nyinyi mawakili sijui mnaiitaje."

Tunaiita mengi.
Kuchanganya fedha. Dosari ya hesabu. Upungufu wa uangalizi.
Baba yangu aliiita kukopa.

Dola elfu kumi na moja za Bi Eunice Leavitt
zilikaa kwenye akaunti ya amana
zikingoja nyumba ipate hati.
Februari alikopa, paa letu linavuja.
Aprili akarudisha.
Juni akakopa tena, na safari hii hakurudisha.
Nilikuwa na miaka kumi na mitano.
Nililala pakavu chini ya amana ya mtu
na mvua niliipenda, ilivyogonga bila kuingia.

Kamati ya siku zile ilikuwa mawakili watupu.
Walisoma naye. Kila Novemba waliwinda kulungu naye.
Wakampa karipio la siri, barua moja, aya tatu.
Kesi ya nyani, hakimu ngedere:
hukumu ilijaa huruma,
na huruma ile haikumlipia Bi Leavitt chochote.
Alihamia kwa dada yake, kwenye chumba cha kushonea.

Hapa ofisini hakuna ajuaye.
Jina la ukoo nilibadili nilipoolewa,
nilipoachika sikulirudia.

Napiga chapa *Daigle*. Napiga *Geralda*,
na mashine haina ile alama ndogo juu ya e.
Naiongeza kwa kalamu, kwa mkono,
barua zote sita, hata nakala ya jalada.
Jina lililopunguzwa nalo limepunjwa.

Bahasha yake naiweka kwenye mizani ya posta.
Aunsi moja na nusu.
Natazama. Kidole changu kipo ukingoni.
Nakiondoa.
Aunsi moja.

Jioni baba anapiga simu kutoka nyumba ya wazee, Bangor.
Huuliza kila mwaka, kama wengine waulizavyo matokeo ya mpira:
"Wamemteua nani?"
Namtajia mawakili. Baba zao anawajua,
mmoja bado ana bunduki yake.
Kisha namtajia mpima viazi.

Kimya. Nasikia televisheni ya chumba cha jirani,
watu wanashangilia mtu aliyejishindia friji.

"Mwambie," anasema,
"aanze na wale wanaorudisha."